Miezi mitatu ya mwisho: mjue mtoto wako anavyocheza

Wiki iliyopita, siku ya kliniki, mama mmoja mwenye mimba ya wiki 35 alipanda kitandani akaniambia kwa utulivu kabisa: "Nesi, tangu jana amepoa. Mama mkwe anasema anajikusanya, anajiandaa kutoka." Niliinama na fetoskopu, kile kitarumbeta chetu cha kusikilizia, sikio kwenye ncha moja, macho kwenye saa. Mapigo yalikuwepo, 132 kwa dakika, ndani ya kiwango cha kawaida cha 110 hadi 160. Hata hivyo sikumwacha arudi nyumbani. Nilimwandikia rufaa palepale akaangaliwe zaidi.

Mimi ni mkunga, na hiyo kauli ya "anajiandaa" naisikia mno. Wanaoisema wana nia njema, lakini si kweli. Mtoto hapunguzi kucheza kwa sababu siku zimekaribia. Kinachobadilika ni namna ya kucheza. Kwenye wiki ya 28 ana kama kilo moja, nafasi anayo, anapiga mateke na kupinduka. Wiki ya 36 nafasi imebana, kwa hiyo utahisi zaidi akijinyoosha na kujisukuma, kisigino kikipita chini ya mbavu. Ila anacheza vilevile mpaka uchungu uanze, na hata ndani ya uchungu. Akipungua, huenda kondo la nyuma halimfikishii chakula na hewa vya kutosha, naye anabana matumizi ili aishi.

Wengi huniuliza, "acheze mara ngapi?" Sitoi idadi moja kwa wote, maana kila mtoto ana ratiba yake. Wa kwako huenda anaamka usiku ukishapanda kitandani, wa jirani asubuhi baada ya uji. Mjue wa kwako. Ukiwa na shaka, lala kwa ubavu, weka mkono tumboni, tulia naye kwa muda. Ukiona kweli amepungua au ameacha, nenda kituoni hapohapo, hata kama ni saa nane usiku. Usingoje kupambazuke, wala usikae nyumbani ukinywa soda ya baridi ili "umwamshe". Na usione aibu kurudi mara ya pili.

Mengine ya kipindi hiki yanachosha lakini mengi si ya kutisha: kiungulia, mgongo, kwenda haja ndogo kila saa, usingizi wa mang'amung'amu. Lala kwa ubavu, si chali. Ukilala chali tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto naye anapata damu kidogo. Ukizinduka usiku umelala chali, usiogope, geuka tu. Vidonge vya damu endelea navyo, ila usivishushie na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi, ni hivyo vidonge.

Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama kutwa ni jambo la kawaida. Uso kuvimba asubuhi, pete kugoma kutoka kidoleni, kichwa kuuma kisichotulia, macho kuona maruweruwe, maumivu chini ya kifua: hayo ni mambo mengine kabisa. Ndiyo maana kliniki tunakupima presha na mkojo kila unapokuja. Presha ikifika 140 kwa 90 hatuiachi ipite, hata ukiwa unajisikia mzima. Kifafa cha mimba kinaanzia huko, na inaniuma kila ninaposikia familia imempeleka mama kuombewa mapepo kwanza wakati dawa ya kuzuia degedege iko hospitali. Maombi yafanyike, lakini ndani ya gari.

Damu ikitoka, nenda, hata kama huna maumivu. Homa vilevile. Chupa ikipasuka, nenda hata kama uchungu haujaanza, na angalia rangi ya maji. Yakiwa ya kijani, sema mara tu unapofika.

Tumbo kukaza na kuachia utaliona mara nyingi. Likikaza ovyo ovyo na kutulia ukipumzika au ukinywa maji, bado. Uchungu wenyewe unakuja kwa mpangilio, unaongezeka nguvu, unakaribiana, mara nyingi ukianzia kiunoni kuja mbele. Ute wenye damu kidogo unaweza kuutangulia. Hapo ninawasihi, kwa moyo wangu wote: msinywe dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu. Hakuna anayejua kipimo chake, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa.

Kufikia wiki ya 36 kubalianeni nyumbani nani atakusindikiza, nauli iko wapi, dereva gani wa bajaji anapokea simu usiku, na nani atajitolea damu ikihitajika. Kadi ya kliniki ikae juu kabisa ya kanga kwenye mkoba.

Yule mama wa wiki 35 alilazwa, akaangaliwa, akaruhusiwa. Juzi alirudi. Kabla sijashika fetoskopu aliuchukua mkono wangu akauweka upande wa kulia, chini ya mbavu. "Subiri kidogo, Nesi. Nikishakunywa chai, huwa anaanzia hapa."