Makaa ya mawe peke yake hayakutosha

Ukiuliza kwa nini mapinduzi ya viwanda yalianzia Uingereza, wengi watakujibu: makaa ya mawe. Lakini China nayo iliyachimba karne nyingi kabla. Sisi tunaosoma miamba huangalia zaidi makaa hayo yalikuwa jirani na nini.

Chukua Coalbrookdale, bonde dogo la Shropshire kando ya mto Severn. Makaa ya mawe, mawe yenye chuma na udongo wa matofali yanayohimili moto vilipatikana katika matabaka ya ardhi ileile, na mawe ya chokaa hayakuwa mbali. Bidhaa zilishuka kwa mashua hadi Bristol.

Kabla ya hapo chuma kiliyeyushwa kwa mkaa wa miti. Msitu haukui kwa kasi ya tanuru, na mkaa wenyewe ni dhaifu. Anayenunua kwa gunia anazijua zile chenga za chini. Ndani ya tanuru refu uzito wa mawe huuponda, hewa ikakosa njia na moto ukafifia.

Makaa ya mawe mabichi nayo yana salfa, na chuma kilichonywa salfa hupasuka kikifuliwa cha moto. Mwaka 1709 Abraham Darby, mwendesha tanuru wa Coalbrookdale, aliyatumia baada ya kuyachoma kwanza kwa hewa haba. Gesi, lami na sehemu ya salfa vilitoka, yakabaki makaa ya koki: magumu, yenye vitundu, yasiyopondeka ovyo. Chokaa ilijiunga na uchafu wa mawe, ukayeyuka na kuelea juu ya chuma. Darby husifiwa sana, na anastahili, ila mimi sehemu kubwa ya sifa naipa ardhi: makaa ya pale yalikuwa na salfa kidogo kuliko ya maeneo mengi.

Hata hivyo mbinu hiyo ilichelewa kuenea. Chuma cha koki kilifaa kusubu vyungu, lakini wahunzi hawakukipenda, na hadi miaka ya 1750 mkaa wa miti ulikuwa bado unatawala.

Maji nayo yalikuwa malighafi, jambo linalosahaulika. Mivukuto ya tanuru iliendeshwa na gurudumu la maji, na mvua zikiadimika kazi ilisimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 Coalbrookdale ilifunga injini ya mvuke ya kurudisha maji juu bwawani, yateremke tena. Injini hiyo ilikula makaa mengi ajabu, lakini yalikuwa pale pale.

Kinyume chake, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa na shaba na bati tele, ila haikuwa na makaa. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales, kwa bei kubwa. Ndiyo maana injini ya mvuke ya James Watt ya kuvuta maji migodini, iliyobana matumizi ya makaa, ilipata soko huko mapema. Wenye migodi walikubali kumlipa yeye na mshirika wake Matthew Boulton theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa.