Mtoto wa kuletwa asiyesumbua

Nikifika kwenye familia iliyompokea mtoto wa ndugu aliyefariki, mara nyingi naambiwa kwa fahari: "Huyu hana shida kabisa. Ukimtuma anaenda, akipewa anakula." Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii huku Dodoma, mtoto wa namna hiyo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi.

Mwangalie wakati wa kula. Kwenye nyumba moja ya Chamwino tulizunguka ugali wa uwele na mlenda. Watoto wa mwenye nyumba waligombania mboga, wakakaripiwa, wakaendelea vilevile. Mtoto wa dada mtu alikata matonge madogo, akachovya pembeni tu, akanyanyuka wa kwanza kwenda kuosha sufuria. Hakuna aliyemtuma. Mjomba wake alifurahi. Mimi nilimwona mtoto wa miaka tisa anayelipia chakula chake.

Wajomba na mashangazi hawa si watu wabaya, wengi wanagawana kidogo walichonacho. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikatika mapema chakula huisha kabla ya mavuno. Usiku watu wazima wanaongea bei ya debe la mahindi, watoto wote wanasikia, ila mmoja tu ndiye anayejiuliza kama atarudishwa alikotoka.

Kwa hiyo mwambieni waziwazi, tena mbele ya wenzake, kwamba hapa ni kwao. Kwa wageni mtambulisheni kwa jina lake, hilo la "mtoto wa marehemu" liacheni. Siku akinuna au akigoma kutumwa, msikimbilie kusema hana shukrani. Huenda ameanza kuamini kwamba hafukuzwi. Mkaripieni kama mnavyowakaripia wengine, wala msizidishe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, na inakubali kwamba wazazi wakifariki, malezi yanaweza kuhamia kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Basi kikao cha ukoo kikikaa, muhtasari utaje mlezi ni nani, na mali ya wazazi iorodheshwe, hata kama ni ekari mbili na mbuzi wachache. Nimeshaona shamba la yatima likilimwa na ndugu mwaka hadi mwaka. Mwenyewe alipofika miaka 18 hakukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mpaka wake.