Je, wajua kwa nini Waingereza walikwenda Napoli kumtafuta mkalimani wa Kichina?

Mwaka 1792 Uingereza ilikuwa na merikebu karibu kila bahari, na chai ya China ilinywewa London asubuhi na jioni. Lakini serikali ilipoamua kumtuma Lord Macartney awe balozi kwa mfalme wa China, ikakuta jambo la aibu: nchi nzima hapakuwa na mtu wa kufaa kutafsiri. Msaidizi wa balozi, George Staunton, ikambidi afunge safari kuvuka Ulaya. Mtu aliyemtaka akampata Napoli, kusini mwa Italia, katika chuo cha mapadri.

Napoli na Kichina wapi na wapi? Habari inaanzia kwa padri mmoja wa huko, Matteo Ripa. Kuanzia mwaka 1711 hadi 1723 alifanya kazi katika jumba la mfalme Kangxi wa China, si kama mhubiri bali kama mchoraji na mchongaji wa picha kwenye shaba. Aliporudi nyumbani alifuatana na vijana wanne wa Kichina na mwalimu wao. Mwaka 1732 Papa akaitambua rasmi shule yake, nayo ikaitwa Chuo cha Wachina. Shabaha haikuwa kuwafundisha Wataliano Kichina. Ripa alitaka kuwasomesha Wachina upadri, kisha warudi kwao wakahubiri. Lakini ukiwaweka Wachina kadhaa katikati ya mji, miaka ikapita, lugha yao inapata wenyeji wapya. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Napoli "L'Orientale", na hujivunia kuwa cha zamani kuliko vyote Ulaya kwa masomo ya China.

Staunton akawachukua mapadri wawili waliomaliza masomo na waliokuwa na hamu ya kurudi kwao. Walijua Kichina, Kilatini na Kitaliano; Kiingereza hawakukijua. Basi neno la balozi lilitoka kwa Kiingereza, likapita kwenye Kilatini, ndipo likafika kwenye Kichina, na jibu likarudi kwa njia ileile. Walipofika Makau, mmoja wao aliingiwa na hofu akashuka, kwani Mchina aliyeonekana akiwatumikia wageni alijiweka hatarini. Aliyebaki alikuwa wa ukoo wa Li. Waingereza wakamvika sare yao na kumwita Bwana Plumb, jina la tunda, kwa sababu Li maana yake ni tunda hilo.

Ninayempenda zaidi katika kisa hiki ni mtoto. Staunton alisafiri na mwanawe, na miezi yote ya baharini mtoto yule alikuwa akijifunza Kichina kwa mapadri. Septemba 1793, akiwa na miaka 12, alisimama mbele ya mfalme Qianlong akasema maneno machache kwa Kichina. Mfalme alifurahi akafungua kifuko kilichokuwa kiunoni mwake akampa. Katika msafara mzima uliojaa mabwana wakubwa, Mwingereza aliyeweza kuzungumza na mwenye nyumba kwa lugha yake alikuwa mtoto.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu watu wengi wakiuliza "chuo gani bora duniani kusomea lugha?" huonyeshwa orodha. Oxford, Cambridge na Harvard hukaa juu juu, na hakuna atakayebisha kwamba ni vyuo vikubwa. Lakini orodha kama ile ya QS, kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo vikuu vya dunia kwa daraja, kwa masomo ya lugha, hupata sehemu kubwa ya alama zake kwa kuwauliza wahadhiri na waajiri ni chuo gani wanakiheshimu. Kwa maneno mengine, inapima sifa. Sifa si kitu kibaya, ila haikuambii ni wapi utakaa na mtu anayeizungumza lugha ile mpaka sikio lako lizoee. Kwa hilo inafaa kuuliza swali jingine: nani alikihitaji chuo hicho, na kwa nini?

Ukiuliza hivyo utaona vyuo vya lugha huzaliwa pale penye haja, na haja yenyewe mara nyingi ni biashara, dini, utawala au vita. Wafaransa hata hawakuficha. Mwaka 1795, mapinduzi yakiwa bado moto, waliunda Paris shule ya lugha za Mashariki zilizo hai, na sheria ikasema wazi kwamba ni lugha zenye faida kwa siasa na biashara. Walianza na Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Shule hiyo ndiyo INALCO ya leo, inayofundisha lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo.

Ujerumani ndiko kisa kinapotugusa sisi. Mwaka 1887, kwa msukumo wa Bismarck, kansela wa Ujerumani, Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki chini ya chuo kikuu. Kampuni ya Wajerumani ilikwishaanza kujitwalia ardhi huku bara, mkabala wa Zanzibar, na maofisa hawakuweza kutawala kwa ishara za mikono. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za mwanzo kufundishwa. Mwalimu wake, Carl Büttner, alikuwa mmisionari aliyefanya kazi Namibia, upande wa pili kabisa wa Afrika! Sarufi aliiweza, lakini sauti ya pwani ingetoka wapi? Ikaletwa kutoka pwani. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, na habari za maisha yake alizoziandika zilichapishwa hukohuko.

Mgawo wa kazi ulikuwa hivi. Mjerumani alieleza kanuni, na mwenyeji alisoma, akatamka, akasahihisha ndimi za watu wazima waliokuwa wakihangaika na "ng'ombe" na "nyumba". Walisoma pia barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na Büttner alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1892. Nani angejifunza hati hiyo Berlin, ila mtu aliyejua kwamba kesho atapokea barua ya liwali au ya mfanyabiashara, na hatakuwa na wa kumsomea?

Baada ya Amur alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo. Kitabu cha "Desturi za Wasuaheli" cha mwaka 1903, ambacho wanafunzi wa historia ya pwani bado hukishika, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, ingawa jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la mwalimu Carl Velten. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani. Walipotaka kuja kuishi pwani, wakuu wa koloni wakakataa mke asishuke Dar es Salaam, na wote wawili wakarudi Ujerumani. Alikufa Berlin mwaka 1927. Lugha yake ilitakiwa sana. Yeye na mkewe bandarini hawakutakiwa. Kila nikiona chuo kikijisifu kwa umri wa idara yake ya Kiswahili, namkumbuka huyu.

London ilichelewa. Kamati ya serikali ya mwaka 1909 ililalamika kwamba Paris na Berlin wana shule zao na Waingereza, wenye koloni nyingi kuliko wote, hawana. Shule ya masomo ya Mashariki, ndiyo SOAS ya leo, ikaanzishwa mwaka 1916, neno "Afrika" likaongezwa kwenye jina lake mwaka 1938, na Alice Werner alikuwa miongoni mwa waliofundisha Kiswahili huko miaka ya mwanzo. Hamburg nayo ilikuwa imempata Carl Meinhof, mmoja wa mabingwa walioziwekea ngeli za Kibantu nambari. Ndiyo maana ukikutana na mwanafunzi wa Ulaya atakuambia "kiti" kiko ngeli ya 7 na "viti" ya 8, wakati mtoto wa shule ya Kenya anasema KI-VI na maisha yanaendelea.

Marekani ilisukumwa mara mbili. Novemba 1941, majuma machache kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, jeshi lilifungua shule ya Kijapani ndani ya banda kuukuu la ndege huko San Francisco. Wanafunzi walikuwa 60, na 58 kati yao walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani. Mwaka uliofuata familia za watu kama wao zilipelekwa kambini kwa amri ya serikali ileile. Shule hiyo ndiyo iliyokua ikawa chuo cha lugha cha jeshi kilichoko Monterey. Msukumo wa pili ulitoka angani: Warusi walirusha setilaiti yao Sputnik Oktoba 1957, na mwaka 1958 ikapita sheria iliyomwaga fedha kwenye vyuo vikuu kwa ajili ya lugha zisizofundishwa sana. Vituo vya masomo ya Afrika katika vyuo kama Wisconsin na Indiana vilinufaika na fedha hizo.

Na Kiswahili ni kigumu kiasi gani kwao? Shule ya wanadiplomasia wa Marekani hukikadiria wiki 36 hivi za darasani. Kichina, Kijapani na Kiarabu ni wiki 88. Kwa hiyo tusijidai sana.

Mashariki nako mambo ni yaleyale. Chuo cha Lugha za Kigeni cha Beijing kilianza mwaka 1941 kama kikosi cha kujifunza Kirusi ndani ya chuo cha kijeshi, vita vikiendelea. Leo lugha zake zimepita 100, na Kiswahili kimo tangu miaka ya 1960, wakati China ilipokuwa ikitafuta marafiki Afrika. Kiswahili kinafundishwa pia Osaka, Japani, na huko Korea Kusini. Baadhi ya wanafunzi hao, wakitaka kukinyoosha kweli, hupanda ndege kuja Zanzibar, ambako taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni ilianzishwa mwaka 1978 na sasa imo ndani ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Huko hakuna anayewauliza ngeli ya 7. Wanaulizwa habari za asubuhi, na kabla hawajamaliza kujibu wanaulizwa za nyumbani.

Desemba 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, ya kwanza Afrika, na Dar es Salaam ikapata yake mwaka 2013. Ripa alilazimika kuwasafirisha Wachina wanne nusu dunia. Nairobi walimu walikuja wenyewe, na vitabu wakavileta.