Steki si kiungo cha ng'ombe

Jumamosi iliyopita nilisimama buchani nyuma ya dada mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Muuzaji akamwuliza, "Steki au mchanganyiko?" Akajibu, "Nipimie robo ya steki, kaka, ni ya mtoto. Mchanganyiko hauna protini." Mzee aliyekuwa pembeni akaitikia, akaongeza kwamba yeye amekatazwa mafuta, ndiyo maana anakula steki tu, kwa kuwa steki haina mafuta. Kauli hizi mbili nimezisikia buchani, msibani, kwenye daladala na mezani kwetu nyumbani. Zote mbili zinalitaka neno moja lifanye kazi lisiyoiweza.

Maana yenyewe ni fupi. Steki ni kipande cha nyama kilichokatwa bapa, mara nyingi kwa kukatiza nyuzi za msuli, kikiwa na unene wa kufaa kuchomwa au kukaangwa kwa muda mfupi. Neno linataja mkato. Halikuambii kama nyama imetoka pajani, kiunoni au mbavuni, wala kama ina mafuta kiasi gani. Katika mabucha yetu limepata maana ya pili: mnofu mtupu uliotengwa na mfupa, dhidi ya mchanganyiko ambao unapimwa pamoja na mifupa yake. Maana hii ya pili nayo ni halali, maana lugha ni ya wanaoisema. Ila ni maana ya bei. Imeandikwa kwenye kibao cha bucha ili ujue kwa nini kilo hii ni ghali kuliko ile.

Lilikotoka neno hili ndiko kunakonifurahisha zaidi. Waingereza walilipokea karne ya 15 kutoka lugha za Skandinavia. Katika Kinorse cha kale, steik ni nyama ya kuchoma, na kitenzi steikja ni kuchoma nyama iliyochomekwa kijitini. Linahusiana kabisa na neno la Kiingereza la kijiti, stick. Kwa hiyo ukilifuata neno hadi shinani, unalikuta karibu na jiko la mkaa la barabarani kwetu: nyama, kijiti, moto. Mshikaki una haki ya zamani zaidi juu ya jina hilo kuliko kile kipande kinene kinacholetwa hotelini na kisu chenye meno. Tangu mwanzo, basi, neno lilihusu namna ya kuandaa nyama. Hapakuwa na kiungo chochote cha mnyama ndani yake.

Majina yanayotaja sehemu ni mengine, nayo yana habari zake. Ile wanayoiita sirloin hotelini ni Kifaransa cha zamani, surlonge, yaani "juu ya kiuno". Wako wanaosimulia kwamba mfalme wa Uingereza alifurahia pande la nyama hata akalitawaza kwa upanga na kulipa cheo cha "Sir". Hadithi hiyo humtaja mara Henry wa Nane, mara James wa Kwanza, mara Charles wa Pili, na hadithi inayobadilisha mfalme kila inaposimuliwa haifai kuaminiwa. Neno ni kiuno tu. Fileti nayo ni Kifaransa, filet, kutoka fil, uzi. Na hii fileti sisi tuna jina lake la siku nyingi: sarara, wengine husema salala, nyama laini ya kiunoni inayolala kando ya uti wa mgongo. Inanisikitisha kwamba kijana anaweza kutamka fileti vizuri kabisa lakini sarara hajapata kuisikia, wakati sarara inakuonyesha mahali pa kuweka kisu, na steki haikuonyeshi.

Ukitaka kuona kwa macho kwamba steki si sehemu, agiza ile yenye mfupa wa umbo la herufi T. Kwanza, ina mfupa, na bado ni steki. Pili, ule mfupa umetenganisha misuli miwili isiyofanana. Upande mdogo ni sarara, msuli uliojificha chini ya uti wa mgongo, ambao ng'ombe hautumii sana anapotembea; ndiyo maana ni laini. Upande mkubwa ni nyama ya juu ya mgongo, yenye ukanda wa mafuta pembeni. Sahani moja, steki moja, ulaji wa namna mbili. Sasa mtu akikuuliza "steki ina mafuta kiasi gani?", utamjibu ya upande upi?

Tuje kwenye lishe. Katika gramu 100 za mnofu mbichi wa ng'ombe, ukishaondoa mafuta yanayoonekana, protini huwa karibu gramu 20 hadi 23. Paja liko humo, sarara imo, bega limo, hata muundi umo. Hakuna sehemu iliyopewa protini na nyingine ikanyimwa, kwa sababu msuli wote umejengwa kwa protini hiyohiyo. Kinachotofautisha sehemu na sehemu ni mafuta. Paja la nyuma lililosafishwa huwa na gramu 3 hadi 5 za mafuta katika gramu 100. Sarara ni kama 7. Steki ya mbavuni kutoka kwa ng'ombe wa Marekani aliyenenepeshwa kwa nafaka, pamoja na mafuta yake, hufika 20 au zaidi, na protini yake hushuka hadi kama 18, kwa kuwa mafuta yamechukua nafasi. Gramu ya protini inatoa kilokalori 4, gramu ya mafuta 9. Piga hesabu uone: kipande cha paja ni kama kilokalori 125, kile cha mbavuni ni kama 250. Vyote viwili ni steki. Mzee wetu wa buchani akialikwa mahali akaletewa cha pili, jina litakuwa limemdanganya.

Kwa madini ya chuma, zinki na vitamini B12, nyama ya bei nafuu haipitwi. Shingo na bega ni misuli inayofanya kazi kutwa, na kwa kawaida zina zinki nyingi kuliko nyama ya mgongoni. Kama shida yako ni damu, ini limezidi steki zote kwa chuma, na kwa B12 limeziacha mbali sana.

Ulaini ndio unaotuchanganya. Tunalipia ulaini, halafu tunadhani tumelipia lishe. Nyama ngumu ni ngumu kwa sababu ina tishu nyingi za kushikanisha misuli, zile tunazoziita mishipa na utando. Hizo nazo ni protini, ingawa protini yake imepungukiwa: haina triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ndiyo sababu supu ya kongoro peke yake haiwezi kushika nafasi ya mnofu, hata ikiwa nzito namna gani. Lakini muundi una mnofu wa kutosha, na ukichemshwa taratibu saa mbili tatu, ile mishipa huyeyuka ikawa mchuzi mzito. Ugumu huisha kwa muda na moto mdogo.

Nina angalizo moja kuhusu takwimu, kwa sababu nimeona watu wakizibeba vibaya. Nyama ikiiva hupoteza maji, mara nyingi kama robo ya uzito wake. Gramu 100 za nyama iliyoiva zitaonekana kuwa na protini 28 hivi, na mtu akilinganisha na mbichi ya sehemu nyingine atasema amepata nyama bora. Amepata nyama iliyokauka. Linganisha mbichi kwa mbichi, au iliyoiva kwa iliyoiva. Vilevile, majedwali mengi yaliyoko mtandaoni ni ya Marekani, ambako madaraja ya nyama hupangwa kwa kutazama mafuta yaliyotawanyika ndani ya msuli pamoja na umri wa mnyama. Zebu wetu mwenye nundu, aliyekula nyasi na kutembea kilomita nyingi kutafuta maji, mara nyingi hana mafuta hayo kwa wingi. Huwezi kuchukua namba ya steki ya mbavuni ya Texas ukaibandika kwenye ubavu wa Dodoma.

Mzee yule hakukosea kila kitu. Steki ya buchani kwetu mara nyingi hukatwa pajani, na paja kweli lina mafuta kidogo. Kwa hiyo anakula sawasawa, ila sababu anayoitaja siyo. Siku paja likiisha na muuzaji akampimia mnofu wa mbavuni, ataitwa mteja wa steki vilevile. Mzee wangu, shikamoo, na samahani kwa kukurekebisha: sema "nipe ya paja, uniondolee mafuta ya pembeni", na utakuwa umemwambia muuzaji jambo analoweza kulifanya.

Dada naye ana hoja, ila imejificha mahali pengine. Kilo ya mchanganyiko haina kilo ya nyama. Tuseme robo yake ni mfupa; zimebaki gramu 750 za mnofu, kwa hiyo protini ya kilo nzima imepungua kwa kadiri ya mfupa. Kama bei ya mchanganyiko iko chini ya robo tatu ya bei ya steki, ule mchanganyiko ndio unaompa mtoto protini nyingi kwa pesa ileile, na mfupa wa supu juu yake. Ikiwa bei zimekaribiana kuliko hapo, steki yake ina faida. Hesabu hiyo inafanyika palepale kwenye foleni kabla zamu haijafika. Mchanganyiko unayo protini, dada yangu. Mchambulie mtoto mnofu ulioshikamana na mfupa, umpondee laini, umpe na mchuzi wake.