Pakiti ya bakteria usiipandishe dashibodi

Watu wa Nairobi wenye shamba ushago, sisi wakulima wa simu, tunaulizana sana kuhusu hizi pakiti za bakteria za kupaka kwa mbegu, kama kweli zinasaidia ama ni biashara tu ya agrovet. Mimi kazi yangu ni vijidudu vya udongo so wacha nijibu. Zinasaidia, lakini si kwa kila mmea, na si vile wengi wetu tunavyozisafirisha.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia hivyo tu. Viwanda huibadilisha iwe mbolea kwa joto kali na presha kubwa, vingi vikitumia gesi asilia, na ndio maana gesi ikipanda bei huko nje CAN yako, ile mbolea ya naitrojeni, nayo inapanda. Sasa kuna bakteria wanaitwa rizobia, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga 1888, hao wanafanya kazi hiyo hiyo ndani ya mzizi, kwa baridi ya Limuru, bila moshi wowote. Mmea unawajengea vinundu na kuwapa sukari, wao wanaulipa na naitrojeni.

Shida ni kwamba wanachagua. Sukuma wiki na mahindi usijaribu, hii ni mambo ya mikunde tu, na hata huko wale wa soya si wale wa maharagwe. Soya ilitoka Asia, kwa hivyo mashamba yetu mengi hayana bakteria wake wa kutosha na hapo pakiti inaonyesha tofauti wazi. Maharagwe ni stori ingine: udongo tayari una rizobia wa kienyeji, wengi na wengine wavivu kabisa, na wageni wa pakiti wanagombania mzizi nao na saa zingine wanapigwa. Ningekuwa na pesa kidogo ningeanza na soya.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, ndio walianzisha Biofix, pakiti ya aina hii, bakteria wakibebwa ndani ya yale matope yanayobaki kiwandani juisi ya miwa ikichujwa. Ndani ya pakiti mna viumbe hai, kama vifaranga tu. Lakini mtu ananunua tao, anampa dereva wa matatu, inapanda dashibodi, jua linaichoma hadi Busia, halafu mzee anachanganya na mbegu yenye dawa ya ukungu na kuianika juani ikauke. Kisha tunaambiwa ni feki.

Ifunge na kitu baridi, isikae kwa jua. Ikifika, lowesha mbegu kidogo na maji ya sukari ndio unga ushike, paka kivulini, panda siku hiyo hiyo na ufukie haraka. Tia mbolea ya fosforasi kama TSP kwa sababu bila hiyo vinundu havikui vizuri, na CAN wacha, mmea ukishapata naitrojeni ya mbolea hauna haja ya kulisha bakteria. Udongo wenye asidi nyingi utataka chokaa kwanza.

Mimea ikianza kutoa maua chimbua michache na jembe, using'oe, vinundu vitabaki chini. Kipasue kimoja. Rangi ya waridi ama nyekundu ni poa sana, hiyo ni protini ndugu ya ile ya damu yetu, inadhibiti oksijeni isiharibu kimeng'enya cha bakteria, kile kinachobadilisha naitrojeni. Kijani ama kijivu, hakuna kazi inafanyika. Na ukiona uvimbe ambao ni mzizi wenyewe umefura, haubanduki na kidole, hao ni minyoo fundo, vijidudu vinavyoshambulia mizizi, usisherehekee.

Wengi hudhani mahindi ya msimu unaofuata yatakula bure. Si sana. Naitrojeni nyingi huondoka na punje, na sisi bado tunang'oa mmea mzima, tunapigia maharagwe nyumbani, maganda yanaenda kwa ng'ombe. Ukikata juu mizizi ibaki, na samadi irudi shamba hilo hilo, kuna kitu kitabaki, lakini mbolea ya mahindi usiiache ghafla, punguza kwa kipande kidogo kwanza uone majani yanabaki kijani ama yanageuka njano.