Ubongo ukishaumia, unaponaje?

Seli za ubongo zilizokufa huota tena?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Ngozi iliyokatika huziba na mfupa uliovunjika huunga, lakini seli ya neva iliyokufa hairudi. Ubongo una njia yake. Kwanza uvimbe hupungua, na seli zilizozimia bila kufa pembezoni mwa jeraha huamka. Ndipo unamwona mtu ambaye Jumatatu hakujitambua, Ijumaa anamwita mkewe kwa jina. Baada ya hapo huanza kazi ndefu: seli zilizobaki hai huchipua matawi, huungana upya, na sehemu isiyoumia hujifunza kazi za ile iliyoharibika.

Huchukua muda gani?

Baada ya kiharusi, nafuu kubwa huja ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Inaniuma ninapoona familia ikiacha mazoezi miezi hiyo sita ikishapita, kwa sababu hiyo. Kasi hupungua, lakini wapo wanaoendelea kupata nafuu hata mwaka ukishapita.

Mkono wa mama umekuwa dhaifu. Tumfanyie kila kitu?

Msimfanyie. Mkono usiotumika, ubongo huusahau. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alijenga tiba nzima juu ya jambo hilo: mkono mzima unazuiwa, ule dhaifu unafanyishwa kazi kwa saa nyingi. Hiyo ifanywe na mtaalamu tu. Nyumbani, mketisheni vizuri, mpeni ungo wa karanga amenye. Vidole vitatetemeka, karanga itaponyoka irudi kwenye ungo. Mwacheni aiokote mwenyewe, hata ikichukua dakika nzima. Kesho tena, na keshokutwa. Ubongo hujifunza kwa kurudia mara mamia.

Baba anatuelewa ila hawezi kusema. Akili imepotea?

Haijapotea. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpata mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa, lakini karibu kila alipojibu alitamka “tan” tu. Alipofariki, jeraha lilikutwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Wapo wagonjwa wa namna hii ambao hawawezi kuomba maji, lakini ukianzisha kasida au tenzi waliyoizoea, wanaiimba na maneno yake. Imba naye. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, kisha subiri. Usimmalizie sentensi, wala usimzungumzie kana kwamba hayupo.

Aliyeanguka na bodaboda akainuka mwenyewe, ni salama?

Si lazima. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu wakati yeye ameshajipangusa vumbi na kurudi nyumbani. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, kichwa kikizidi kumuuma, akitapika tena na tena, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, akichanganyikiwa, akilegea upande mmoja, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, au maji maangavu yakimtoka puani au masikioni.