Kubadilisha Majina Hakutoshi

Nahariri miswada ya riwaya hapa Mombasa, na siku hizi mingi inayonifikia imeanzia kwenye simu. Mtu ameangalia tamthilia ya Kituruki, mwisho wake ukamuuma, akaamua kuiendeleza mwenyewe, sura kwa sura, kwenye grupu la WhatsApp. Wasomaji wakaongezeka. Kisha mmoja akamwambia: hiki ni kitabu, kitoe. Swali linalofuata huwa lile lile: nikibadilisha majina, si itakuwa halali?

Kisheria huenda ikawa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi wazo tupu. Kisa cha tajiri mkali anayempenda binti wa kimaskini si mali ya mtu. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyoandikwa. Ndiyo sababu biashara hii ya kugeuza hadithi za mashabiki, zinazoendeleza kazi ya mtu mwingine, kuwa vitabu imekua hivi ulimwenguni. *Fifty Shades of Grey* ya E. L. James ilianza mtandaoni kama hadithi ya shabiki wa *Twilight*, riwaya ya Stephenie Meyer. Majina yakabadilishwa, ikatoka kitabu mwaka 2011, na mfululizo wake ukauza zaidi ya nakala milioni 100. *After* ya Anna Todd iliandikwa Wattpad, mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, kuanzia 2013 ikimhusu mwimbaji Harry Styles, mtu aliye hai. Kitabuni akageuka Hardin Scott.

Lakini kusalimika kortini ni jambo moja, na kumtendea mwenzio haki ni jambo jingine.

Sisi watu wa pwani tunalo la kupimia. Anayetunga takhmisa huchukua mishororo ya mshairi mwenzake, akatanguliza mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo na tungo za Liyongo, na hakuna anayemwita mwizi, kwa kuwa Liyongo anabaki pale pale, anasikika. Hadithi ya shabiki nayo iko hivyo: inamtaja mwenye kazi waziwazi. Ikishageuzwa bidhaa, jambo la kwanza linakuwa kumfuta yule mwenye kazi. Kwangu mimi, anayefuta lazima aweke chake mahali pa alichofuta, na hapo ndipo miswada mingi inaposhindwa.

Nichukue mmoja. Kemal wa tamthilia alikuwa ameshakuwa Khalid wa Mombasa. Ukurasa wa pili ulisema: "Khalid aligeuza uso, kama afanyavyo kila aionapo bahari." Nikaandika pambizoni: kwa nini? Mwandishi akanijibu kwa ujumbe wa sauti, "Dada, si ndugu yake alizama? Kila mtu anajua." Anajua aliyeangalia tamthilia. Kwenye mswada wote hapakuwa na ndugu, wala kuzama. Huzuni ile ilikuwa imefanyiwa kazi na mwandishi mwingine, nasi tulikuwa tunataka kuiuza bila hata sentensi moja yetu ndani yake.

Aliporudi kuiandika, alimpoteza yule ndugu katika feri ya Mtongwe, ajali ya Aprili 1994 iliyoua zaidi ya watu 270. Basi Khalid akabadilika mzima. Akawa mtu anayezunguka kwa barabara ya Kinango ili asipande feri, anayechelewa maziko ya shangazi yake Likoni kwa sababu hiyo, na ambaye mamake hamsemeshi tangu siku ile. Huyo hakuwahi kuwa Kemal. Hapo nilikubali kuendelea na mswada, na ningesimama mbele ya yeyote kuutetea.

Hilo ni deni kwa mtunzi wa kwanza. Deni la pili husahaulika zaidi, nalo ni kwa wasomaji. Hadithi za mashabiki hutolewa bure na hupokewa bure. Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya hadithi hizo iliyofunguliwa mwaka 2009, hairuhusu mtu kuuza kazi yake pale. Katika magrupu yetu hali ni hiyo hiyo: kuna anayesahihisha tahajia kila sura, kuna aliyependekeza harusi ivunjike, kuna aliyetunga mashairi ya barua za mapenzi. Kitabu kikiuzwa, jasho lao limo ndani. Simtaki mwandishi awalipe wote waliotuma maua na vikopa. Lakini mashairi ya mtu hayachapishwi bila ruhusa yake, na aliyehariri kila sura ametenda kazi ya mhariri. Alipwe, au akubali mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ametoa zawadi, na jina lake liwe kwenye shukrani.

Halafu kuna kufuta. Wachapishaji wengi hutaka toleo la mtandaoni liondolewe, na nawaelewa. Ila kuliondoa usiku, kimya kimya, watu waamke wakute grupu tupu, ni kuwavunjia heshima waliokubeba ulipokuwa hujulikani. Mimi huomba iandikwe kwenye mkataba kuwa mwandishi atawaarifu kabla, na kwamba dibaji itasema hadithi ilianzia wapi. Baadhi ya wachapishaji hukataa hilo la dibaji. Kwa hilo sirudi nyuma.